Maswali yenu: Vijana wa simu wamekuja kupima kihamba cha mzee

Wiki hizi swali ni moja tu kwa sura tofauti tofauti, kahawa na hii habari ya kupimwa mashamba kwa simu, kwahiyo leo tunaongea hilo tu, wenye maswali ya kuku na sola mnivumilie zamu yenu inakuja. Kwa ambaye hajui tunaongelea nini: Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2023, watu wa kahawa wanaiita EUDR, inasema kahawa (na kakao, mawese, soya, mpira, mbao na mazao ya ng'ombe) haiingii sokoni kwao kama imetoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na anayeingiza mzigo lazima aonyeshe mashamba yote ulikotoka yako wapi kwenye ramani. Ilikuwa ianze mwisho wa 2024, ikasogezwa mwaka mmoja, ikasogezwa tena, tarehe iliyopo sasa ni 30 Desemba 2026 kwa kampuni kubwa na za kati na 30 Juni 2027 kwa wale wadogo. Huko kusogezwa sogezwa kumefanya watu waone ni utani, ila wanunuzi wakubwa hawakusubiri, ndo maana mnaona vijana wanazunguka vijijini na simu.

*Habari za kazi. Baba yangu yuko Kibosho ana kihamba cha ekari moja na nusu hivi, migomba na mibuni imechanganyika kama kwa Wachagga wote. Walikuja vijana wawili wakataka kuzunguka mipaka yote na simu, wakamuuliza namba ya NIDA na ana watoto wangapi, mzee akawafukuza na panga (hakumgusa mtu jamani). Sasa chama cha ushirika kinasema asipopimwa kahawa yake haitapokelewa, yeye anasema ni mbinu ya kuchukua ardhi. Nimwambie nini?*
Binti wa Kibosho, Dar

Mpe mzee shikamoo yangu kwanza, halafu usimwambie kwamba amepitwa na wakati, maana mtu wa umri wake ameona vyama vikuu vya ushirika vinavunjwa mwaka 1976 akiwa mtu mzima, akisikia mgeni anataka namba zake lazima ashtuke. Ila kwenye ardhi atulie. Nukta ya GPS, yaani zile namba za kuonyesha shamba liko wapi kwenye ramani, sio hati. Haki yake kwenye kile kihamba inatokana na kurithi, kukitumia na kijiji kumtambua, au hati ya haki miliki ya kimila kama anayo, hayo yako kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na hamna apu ya kampuni ya kahawa inayoweza kuyabadilisha. Hata hiyo EUDR inataka kahawa iwe imelimwa kwa kufuata sheria za nchi husika, ikiwemo haki ya kutumia ardhi, yaani ikisomwa vizuri inamlinda yeye kuliko kumtisha.

Pale mzee alipo sahihi ni kwenye mengine. Sheria inasema shamba likiwa chini ya hekta 4, ambayo ni kama ekari kumi kasoro kidogo, nukta moja tu inatosha, mtu anasimama katikati ya kihamba anabonyeza basi, wakati kuzunguka mipaka yote ni lazima kwa shamba linalozidi hapo tu. Sasa kwanini wanataka kuzunguka ekari moja na nusu? Kwa sababu mnunuzi akijua ukubwa wa shamba anaweza kukadiria mavuno, na akiona mtu wa nusu ekari analeta kahawa ya ekari nne anajua kuna mzigo umetoka kwingine. Sio dhambi, mimi naona hata lina faida, lakini wanatakiwa waseme hivyo sio kujificha nyuma ya "Wazungu wanataka". Na idadi ya watoto ni dodoso lao la kampuni, EUDR haina shida na watoto wa mtu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, anayechukua taarifa zako anapaswa kukwambia anazichukulia nini, na una haki ya kuziona na kuzirekebisha kama amekosea, kwahiyo mzee akiuliza "ya nini hiyo" hajawa mkorofi.

Kitu ambacho ningekipigania mimi kuliko vyote ni nakala. Wakipima, namba za shamba lake ziandikwe kwenye karatasi abaki nayo, na chama kibaki na faili lake chenyewe. Huku ndo kuna mchezo ambao hausemwi sana: kampuni ikilipia upimaji inakaa na ramani, msimu ujao akija mnunuzi mwenye bei nzuri anaambiwa mashamba haya hayana taarifa, mkulima anabaki amefungwa kwa yule wa kwanza au anapimwa upya mara tatu na watu watatu, kila mmoja na apu yake. Ramani ikikaa kwa chama, chama ndo kinabargain.

Na kuna la miti, dada, hili mwambie taratibu. Kihamba ukikiangalia kutoka juu ni miringaringa na migrivea na migomba, buni iko chini kabisa haionekani. Picha nyingi zinazotumika kukagua zinatoka setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, kila kijidoa cha picha ni mita 10 kwa 10, kwa hiyo kompyuta inaona kijani imeshonana inaandika "msitu". Kisheria kilimo mseto cha namna hiyo hakihesabiwi msitu, na ile ramani ya misitu ya 2020 waliyoitengeneza wenyewe Ulaya inajulikana kuchanganya kahawa ya kivulini na msitu. Hamna tatizo mpaka siku mzee anaangusha miti mitatu mikubwa ya kivuli au anang'oa mibuni mizee apande miche mipya ya TaCRI (taasisi yetu ya utafiti wa kahawa) ile inayovumilia magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, hapo picha ya mwaka huu inaonekana wazi, ya 2020 ilikuwa kijani, mfumo unapiga kelele kwamba msitu umekatwa. Kwahiyo kabla ya kung'oa apigiwe picha za simu zenye tarehe na eneo, mibuni ionekane, apeleke chama waandike. Ni kazi ya dakika tano, mjukuu yeyote anaweza.

*Mimi ni karani wa chama cha msingi Bukoba Vijijini. Tulipima wanachama wote kwa simu ya chama, tukapeleka faili kwa mnunuzi, likarudi na mistari myekundu, mengine eti yako nje ya Tanzania, mengine shamba moja limekaa juu ya lingine. Simu mbovu au sisi?*
Karani mwenye stress

Pole sana, na usikubali kulaumiwa peke yako maana hili kosa linafanywa hata na watu wenye digrii. Angalia kwanza alama ya kutoa. Bukoba iko kusini ya ikweta, latitudo yake (namba ya kaskazini au kusini) ni kama -1.33 na longitudo (namba ya mashariki au magharibi) 31.81. Mtu akinakili kwenye daftari akasahau ile kutoa, shamba linaruka ikweta linakwenda kutua Uganda maeneo ya kusini mwa Masindi, na kwa Kagera yetu na historia ya magendo ya kahawa kuvuka mpaka ndo picha mbaya kabisa unayoweza kumpa mnunuzi. Akigeuza akaweka longitudo mahali pa latitudo, kahawa yako imelimwa jangwani Algeria karibu na mpaka wa Moroko. Na hilo la kugeuza sio uzembe tu, lile faili la ramani linaloitwa GeoJSON linataka longitudo itangulie, wakati sisi wote na simu zetu tunaanza na latitudo, kwahiyo mtu anapokopi kutoka Excel anaingia mtegoni. Panga safu kwa ukubwa, yoyote ambayo latitudo haianzi na kutoa irekebishe, nusu ya wekundu itaondoka siku hiyo hiyo.

Kuhusu mashamba kukaliana. Sheria inataka tarakimu sita baada ya nukta ya desimali, na tarakimu ya sita ni kama sentimita 11 ardhini, watu wanadhani basi simu inapima sentimita. Haipimi! Simu ya kawaida uwanjani peupe inakosea mita tano hivi, ndani ya migomba inakosea zaidi, hizo tarakimu za mwisho ni pambo tu lakini ziandike zote, ukikata ukabakiza tatu umeshamsogeza mtu zaidi ya mita hamsini. Mkifika shambani tafuteni upenyo mbingu ionekane, subirini ile namba ya usahihi ishuke ndo mbonyeze, tatizo ni kwamba vijana wanalipwa kwa idadi ya mashamba kwahiyo hawasubiri. Mimi ningewalipa kwa mashamba yaliyopita ukaguzi.

Halafu wale wenye kibanja nyumbani na kipande kingine huko rweya (kwenye nyasi nje ya kijiji), hao ni mashamba mawili, nukta mbili. Wengi wamepimwa mlangoni kwao tu. Na hapa msifanye mzaha kwa sababu EUDR hairuhusu kuchanganya kahawa inayojulikana ilikotoka na isiyojulikana, lundo la ghalani linabeba nukta za wote walioleta, mmoja akiwa hana au shamba lake lina tatizo mzigo mzima unakwama. Kwahiyo pokeeni na mtenge, kahawa ya maganda ya waliopimwa upande wake na ya wasiopimwa upande wake, mpaka wamalizike. Ile ya butura, iliyonunuliwa ikiwa bado mtini na mlanguzi akaja kuileta kwa jina lake, sasa ndo itawaumbua, maana atatakiwa kuonyesha shamba.

*Nasoma chuo Moshi. Lecturer anasema blokucheni ndo itaokoa kahawa yetu, kila gunia liwe na rekodi isiyofutika. Ni kweli au maneno ya semina?*
Mwanafunzi wa IT

Maneno ya semina kwa asilimia kubwa, ila sikukatishi tamaa. Blokucheni ni daftari ambalo nakala zake wanazo wengi kwahiyo mmoja hawezi kufuta mstari kimyakimya. Safi. Lakini karani akiandika Algeria, blokucheni inaitunza Algeria milele! Haijui kama gunia lilipimwa kweli au mizani ilikanyagwa. Mwaka 2018 kampuni ya Coda Coffee ya Denver ilishirikiana na kampuni ya teknolojia ya bext360 ikauza kahawa ya Uganda kwa mtindo huo, ilivutia watu, lakini kazi yenyewe ilikuwa kule inakopokelewa, mashine na watu wa kupima buni kwa uaminifu. Na ukitaka kujua kwamba ukubwa sio dawa, kampuni ya meli ya Maersk na ya kompyuta ya IBM walikuwa na TradeLens, mfumo wa blokucheni wa kufuatilia makontena duniani, wakatangaza kuifunga Novemba 2022 kwa sababu wenzao kwenye biashara hawakujiunga vya kutosha. EUDR yenyewe haidai blokucheni popote, inadai nukta, tarehe, kiasi na ushahidi. Ukitaka mradi wa mwisho wa chuo wenye maana, tengeneza kitu kinachofanya kazi bila bando, kinachokataa latitudo isiyo ya Tanzania pale pale shambani, na kinachomtumia mkulima meseji yenye namba zake. Karani wa Bukoba atakulipa chai.

*Kaka nipo Hamburg, nataka kuleta gunia chache za arabika ya mjomba Mbinga nikaange mwenyewe niuze kwenye masoko ya wikendi. Hii sheria inanigusa na mimi mdogo hivi?*
Mngoni wa Hamburg

Inakugusa, na wala usidanganywe kwamba ukileta iliyokaangwa unapona, kahawa iko ndani mbichi na iliyokaangwa. Wewe ukiwa ndo unaiingiza sokoni Ulaya kwa mara ya kwanza unahesabika mwagizaji, unaingia kwenye mfumo wa kompyuta wa Umoja wa Ulaya, unaweka tamko kwamba umechunguza, na nukta ya shamba la mjomba, unapewa namba ya rejea. Ahueni yako ni kwamba kama biashara yako ni ndogo kweli na inatimiza masharti ya wale wadogo unaweza kuwa na mpaka 30 Juni 2027, na una shamba moja unalolijua, wenzako wana mashamba elfu kumi. Mwambie mjomba achukue nukta leo na picha za shamba, na kahawa yake ikobolewe na kufungwa peke yake isiingie kwenye lundo, hapo ndo utasumbuka maana kiwanda hakipendi kusimamisha mashine kwa gunia tano. Vibali vya kuitoa nchini ni habari nyingine, mjomba aanzie Bodi ya Kahawa kabla hajafunga gunia hata moja.

*Si tuuze Japani tu tuachane na usumbufu?*
Mkulima, Rombo

Japani wanaipenda arabika yetu, wameizoea kwa jina la Kilimanjaro, na sheria hii haiwahusu. Tatizo mnadani Moshi hujui mapema gunia lako litanunuliwa na nani, na mnunuzi mwenye wateja pande zote mbili hataki mzigo ambao akibadilisha mawazo hawezi kuupeleka Ujerumani, kwahiyo usiopimwa ataupa bei ya chini kidogo hata kama safari hii unakwenda Tokyo. Hasira yako naielewa, waliokata misitu mikubwa sio wewe na gharama ya kuzunguka na simu inashushwa kwako kwa makato, na mimi naona anayetaka ramani ndo ailipie. Muulizeni mwenyekiti kwenye mkutano mkuu hayo makato ya upimaji yameandikwa wapi, na nani ana faili.