Maua ya kuning'iniza yafuate msimu, na maji yafike mzizini

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza ni maua gani ya msimu mmoja yanayofaa kuning'inizwa barazani, na kwa nini yale tunayoyanunua kitaluni yakiwa yamechanua vizuri hukauka kabla ya miezi miwili kwisha. Ninaishi Tanga, ghorofa ya pili, na kwa miaka sita sasa nimekuwa nikiotesha maua yanayotambaa katika vikapu vya waya na makopo ya rangi niliyoyatundika ukingoni mwa baraza. Nitajibu basi kama mtu wa pwani, nikitambua kwamba msomaji wa Arusha, Iringa au Nairobi ana hali ya hewa iliyo rafiki zaidi kwa mimea hii. Kwa maoni yangu, wengi wetu hupanda ua zuri katika msimu usio wake, kisha tukalimwagilia maji yasiyofika mzizini.

Nianze na petunia, kwa kuwa ndiyo inayonunuliwa zaidi. Asili yake ni Amerika ya Kusini, nayo ni ya ukoo mmoja na nyanya, viazi mviringo na tumbaku. Hupenda jua, lakini joto lisilopungua hata usiku huichosha. Mwaka wa kwanza nilinunua miche mitatu Lushoto mwezi wa Januari, nikateremka nayo basini nimeipakata mapajani njia nzima. Februari ilipokwisha, iliyobaki ilikuwa mashina marefu yaliyopukutika majani, na ncha za mashina hayo zikiwa na viua vidogo vilivyofifia. Niliulaumu udongo, nikalaumu wadudu. Mwaka uliofuata nilinunua miche ya aina ileile mwezi wa Juni, kipupwe kikiwa kimeanza, nayo ikachanua hadi Oktoba bila mimi kubadilisha chochote kingine. Tangu hapo sipandi petunia wakati wa kaskazi, hata nikipewa bure.

Kwa miezi ya joto kali ninapanda potulaka, ambayo majani yake membamba na manene huhifadhi maji, na mashina yake hushuka pembeni mwa chungu kama ushanga. Maua yake hufunguka jua likiwa kali na kujifunga jioni. Kwa hiyo anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi magharibi atayaona yamechanua siku za mapumziko tu, na ni vyema alijue hilo kabla ya kununua. Baraza lisilopata jua la moja kwa moja halifai kabisa kwa potulaka.

Sasa nije kwenye maji, ambako ninaamini mimea mingi hupotea. Kikapu chenye kipenyo cha sentimita 30 hubeba takriban lita 7 tu za udongo, nao upepo huupuliza kutoka kila upande, tofauti na udongo wa bustani unaofunikwa na ardhi. Nilikuwa nikimwagilia kila asubuhi, nikiona maji yanachuruzika chini, nikaridhika. Siku moja nilikishusha kikapu ambacho maua yake yalikuwa yamenyauka, nikashangaa kilivyo chepesi. Nilipoingiza kidole katikati nilikuta vumbi kavu. Udongo wenye mboji nyingi ukishakauka kabisa huyakataa maji na kujikunja mbali na ukuta wa chungu, hivyo maji hupita ufa wa pembeni na kutoka yote bila kugusa kiini. Nilikizamisha kikapu ndani ya beseni la maji kwa nusu saa, mapovu yakatoka hadi yakakoma, na kesho yake majani yalikuwa yamesimama. Siku hizi simwagilii kwa kufuata saa. Ninakiinua kila kikapu kidogo kwa kiganja, na uzito wake ndio unaoniambia kama kina kiu. Wakati wa kaskazi huenda kikahitaji maji mara mbili kwa siku.

Aina ya maji nayo ina uzito wake. Tanga imekaa juu ya mawe ya chokaa, kama anavyojua kila aliyeingia mapango ya Amboni, na maji ya visima vyetu vingi hubeba chokaa hiyo. Petunia niliyoimwagilia maji ya kisima iligeuka manjano kwenye majani machanga huku mishipa ikibaki ya kijani, dalili kwamba mzizi umeshindwa kufyonza madini ya chuma kwa sababu ya chokaa. Nilipohamia maji ya mvua niliyoyakinga kwenye pipa, majani mapya yalitoka yakiwa na rangi yake.

Ndani ya kikapu ninatandika usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, ambao sisi wa pwani tunaupata kwa bei nafuu. Lakini makumbi yanayofukiwa ufukweni kwa miezi ili yalainike hutoka yamejaa chumvi. Usumba wake uloweshwe na kusuuzwa kwa maji yasiyo ya chumvi mara kadhaa kabla ya kuutumia, la sivyo miche huungua ncha za majani.

Kuhusu mbolea, kila tunapomwagilia, maji huondoka na sehemu ya chakula cha mmea, kwa hiyo samadi ya siku ya kupanda haitoshi. Ninayeyusha mbolea ya maji nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na kuitumia kila wiki. Petunia zikirefuka bila kuchanua ninazikata hadi nusu ya urefu, jambo lililoniuma sana mara ya kwanza, na baada ya wiki tatu hivi huwa zimejaa tena. Vikapu vitundikwe kwa mnyororo au waya. Kamba ya plastiki huchakaa juani, na chini ya mabaraza yetu watoto hucheza.

Mwisho ningependa kumtaja mwenyeji wetu, Thunbergia alata, mtambaazi wa Afrika Mashariki mwenye maua ya rangi ya chungwa na kiini cheusi. Jina lake la kitaalamu lilichapishwa London mwaka 1825, na huko Ulaya huuzwa katika vikapu vya kuning'iniza kama ua la msimu mmoja kwa sababu baridi hulimaliza, wakati hapa kwetu huishi miaka na hujiotea vichakani bila kutunzwa na mtu. Sijapata kuliona likiuzwa katika vitalu vya barabarani vya hapa mjini. Mwezi uliopita nilichuma mbegu zake kando ya njia ya kupandia Lushoto, nikazilowesha usiku mmoja na kuzipanda katika kopo la lita 4. Saba zimeota, na tayari zina majani manne manne.