Wakipimwa kila mwezi, wateja watakuwa salama?

SWALI: Mwanangu daktari, salaam. Nina nyumba ya wageni hapa Kibaigwa, karibu na soko la mahindi. Wanalala kwangu madereva wa malori na wanunuzi wa nafaka, na akina dada wanaokuja nao siwezi kuwazuia. Nimeweka utaratibu kwamba dada anayeingia mara kwa mara alete cheti cha kupimwa cha mwezi huo, nakala inabaki mapokezi. Naona hata Serikali ingefanya hivyo: ihalalishe ukahaba, iwaandikishe, iwapime kila mwezi, aliye mgonjwa aondolewe. Kitaalamu, hilo lisingemaliza maradhi? Na cheti cha mwezi mmoja kinatosha, au nidai cha wiki mbili? – Mzee, Kibaigwa.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Cha wiki mbili hakitoshi, cha wiki moja hakitoshi, na hata kilichogongwa muhuri leo asubuhi hakitoshi. Swali hili silipati kwako tu. Bunge likianza na mji ukajaa wageni, kliniki huku Dodoma mjini wanakuja wanaume mkojo unawachoma, na la kwanza wanaloniambia ni, "Daktari, mbona cheti chake nilikiona?" Katika yote ninayokutana nayo kazini, imani hii ya cheti ndiyo inayonikera zaidi, kwa hiyo nianze nayo. La sheria litafuata.

Kipimo cha VVU cha kutoboa kidole kinatafuta kingamwili, yaani kile ambacho mwili umetengeneza kupambana na virusi. Mwili unahitaji wiki kadhaa kuzitengeneza za kutosha kuonekana, ndiyo maana tunamwambia mtu arudie kupima baada ya miezi mitatu. Katika wiki hizo za mwanzo, kipimo kinasema hana, lakini virusi damuni vinakuwa vingi mno na uwezo wa kuambukiza uko juu sana. Mtu huyo atafika mapokezi kwako na cheti safi. Sasa mtazame dada mwingine: alijijua zamani, anahudhuria CTC, yaani kliniki ya matunzo na tiba kwa wenye VVU, anameza dawa zake kila siku, na wingi wa virusi umeshuka hadi havionekani kwenye kipimo. Huyo hamwambukizi mtu VVU kwa ngono. Kwa utaratibu wako, wa kwanza anapewa ufunguo wa chumba na wa pili anarudishwa mlangoni. Na akisharudishwa mara mbili tatu, ataacha kwenda CTC asije akaonekana, dawa zitakatika, virusi vitapanda. Cheti chako kitakuwa kimetengeneza hatari ambayo haikuwepo.

Kaswende nayo: kidonda cha kwanza kinaweza kutokea kati ya siku 10 na 90 baada ya maambukizi, na kipimo kinaweza kuchelewa zaidi ya kidonda. Upande wa pili, aliyewahi kuugua akatibiwa akapona, kipimo cha haraka kwa kawaida kitaendelea kusoma chanya maisha yake yote. Utamkataa mtu mzima kabisa.

Kisonono na klamidia ndizo zinazopita katikati ya vyeti hivi bila kuguswa. Wanawake wengi wenye kisonono hawana dalili yoyote, na klamidia hujificha zaidi. Zahanati zetu nyingi hutibu kwa kufuata dalili, kwa sababu mashine ya kupima vinasaba vya vijidudu hivi hawana. Asiye na dalili anaandikiwa kwamba hana tatizo. Soma vizuri hizo nakala zako: utakuta VVU, kaswende, pengine mkojo, basi.

Halafu niambie mzee wangu, dereva aliyetoka Dar es Salaam kwenda Mwanza nani amempima? Dada akipima Jumatatu asubuhi na kupata kisonono kwa mteja Jumatatu usiku, cheti chake kina siku karibu 30 za kuwatuliza wengine. Waingereza walijaribu jambo hili kuanzia 1864. Walitunga sheria ya kuwakamata na kuwakagua kwa lazima wanawake kwenye miji yenye kambi za jeshi, huku wanaume waliowaendea hawakaguliwi. Mwaka 1886 wakaifuta.

Sasa la kuhalalisha. Watu wanachanganya mambo mawili. Kuna kuhalalisha kwa daftari na kadi, na kuna kuondoa tu kosa la jinai. Senegal wana daftari na kadi tangu 1969: mwanamke awe ametimiza miaka 21, ajiandikishe, aende kliniki kila mara. Wengi hawajiandikishi, kwa kuogopa jina lao kufika nyumbani, na hao wasiojiandikisha ndio waliobaki nje ya huduma. Kwenye jimbo la Nevada, Marekani, madanguro yenye leseni hupima kisonono na klamidia kila wiki, VVU na kaswende kila mwezi. Watu hunitajia Nevada kama ushahidi wa cheti. Wanasahau kwamba sheria hiyohiyo inalazimisha kondomu kwa kila mteja. New Zealand waliondoa kosa la jinai mwaka 2003, na sheria yao inamkataza mwenye danguro kusema, au hata kuashiria, kwamba mfanyakazi aliyepimwa hana maambukizi. Yaani hilo unalolifanya mapokezi, kule ambako biashara ni halali, ni kosa.

Msimamo wangu nausema wazi. Mwanamke anayeuza mwili asikamatwe wala asifungwe kwa hilo, kwa sababu anayekimbia gari la polisi hana muda wa kubishana na mteja juu ya kondomu, na wapo wanaoniambia wanaogopa hata kuzibeba kwenye mkoba zisije zikawa ushahidi. Akibakwa au akipigwa, aweze kwenda kituoni bila kuulizwa alikuwa anafanya nini pale. Lakini mfumo wa kuandikisha na kupima kwa lazima siuungi mkono. Najua wapo wanaopinga kwa sababu ya dini na maadili, na nawaheshimu. Ila hata wao wasidanganywe kwamba kadi ingeleta usalama.

Kwa upande wako, kuwa mwangalifu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamgusa anayeendesha danguro na anayeishi kwa mapato ya ukahaba, na faili la nakala za vyeti mapokezi litasomeka vibaya sana mbele ya mwendesha mashtaka. Zaidi ya hapo, Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima isipokuwa katika mazingira machache, kama amri ya mahakama, na majibu ya mtu ni siri yake. Zichome hizo nakala. Weka kondomu ndani ya kila chumba, zisikae kaunta ambako mtu mzima lazima aombe mbele ya wenzake. Mwite mhudumu wa afya wa jamii azungumze na akina dada kuhusu PrEP, dawa kinga ya VVU inayotolewa bure. Na azungumze na madereva pia.

Lakini cheti chako ni tawi tu la mti mkubwa wa njia za mkato, na mti wenyewe umeota kila kona. Nimeoneshwa cheti kilichopigwa plastiki, pembe zimechakaa, tarehe imekwanguliwa kwa wembe na kuandikwa upya kwa peni ya rangi tofauti kidogo. Aliyekiuza alijua. Wapo wenye mashine ya kushika mkononi inayodai kusoma "mwili mzima" kwa dakika chache, ikitaja figo, ini, mpaka magonjwa ya zinaa. Haisomi chochote. Vijidudu hupatikana kwenye damu, ute au mkojo, havipatikani kwenye kiganja.

Wapo wanaouza dawa ya "UTI sugu" na ya "kusafisha kizazi". Nusu ya hiyo UTI sugu ninayoletewa si UTI, ni kisonono au klamidia iliyotibiwa nusunusu kwa vidonge vya sipro (ciprofloxacin, dawa ya kuua bakteria) vilivyonunuliwa viwili leo, vitatu kesho. Shirika la Afya Duniani liliacha kupendekeza kundi hilo la dawa kwa kisonono tangu 2016, kwa sababu vimelea vimeshalizoea. Mwanamke anaendelea kumeza, mirija ya uzazi inaziba, na baada ya miaka anakuja akilia kwamba hashiki mimba. Wapo wanaowauzia mabinti shabu, lile jiwe jeupe, na majani ya "kubana" uke. Ukeni panakauka, panachubuka wakati wa tendo, na mchubuko huo ndio mlango wa VVU.

Na sasa imeingia ya kipimo cha mate cha kujipima VVU. Kijana anakinunua, anakwenda nacho gesti, wanapima pamoja kitandani, kinatoka mstari mmoja, wanaitupa kondomu. Kipimo kile ni kizuri kwa mtu kujijua, lakini hakioni maambukizi ya wiki chache zilizopita, na kwa aliyeko kwenye dawa za kufubaza kinaweza kutoa jibu lisilo sahihi. Ulikuwa mwaliko wa kufika kliniki. Wao wameufanya ruhusa.

Yeyote ambaye kondomu imempasukia, au hakuitumia kabisa na sasa ana hofu, asiende kununua mchanganyiko wa vidonge dukani wala asisubiri dalili. Aende kwenye kituo chenye CTC aombe dawa za kuzuia VVU baada ya tukio. Zinamezwa kwa siku 28, na zinatakiwa kuanza haraka iwezekanavyo, zisipite saa 72. Saa hizo zinahesabiwa tangu tendo, za usiku na za Jumapili zikiwemo.