Rangi Haisafishi Nyumba Iliyopikiwa Dawa za Kulevya

Juma lililopita msomaji mmoja wa Kisumu aliniandikia kwamba amenunua nyumba ambamo polisi waliwahi kukamata watu wakitengeneza methamfetamini, na fundi amemhakikishia kuwa kupaka rangi mara mbili kunatosha. Hakutoshi.

Ninasimamia nyumba za kupanga hapa Nakuru. Nyumba ya namna hiyo iliporudishwa kwetu baada ya polisi kumaliza uchunguzi, mwenye nyumba alitaka ipakwe rangi upesi ili mpangaji mpya aingie mwisho wa mwezi. Nilikataa. Juu ya sinki palikuwa na doa la manjano iliyokolea. Fundi alilipaka rangi nyeupe kwa kujaribu, na asubuhi yake likajitokeza tena, umbo lile lile. Nilimweleza tajiri yangu kwamba mvuke wa kemikali hizo hutua ukutani na darini, hupenya kwenye jipsamu, magodoro na mazulia, na kwamba anayedhurika zaidi ni mtoto anayetambaa kisha akatia vidole mdomoni. Aliniita mwoga mbele ya mafundi, na neno hilo halijanitoka rohoni.

Hata hivyo kazi ilifanywa nilivyotaka, kwa kufuata mwongozo ambao EPA, shirika la mazingira la Marekani, lilitoa mwaka 2009. Wataalamu walikuwa wameshaondoa kemikali na vyombo. Tulifungua madirisha, tukatoa mazulia, mapazia na mbao za dari zilizolowa, kisha, tukiwa na glavu na barakoa, tukaosha kwa maji ya moto na sabuni kuanzia darini hadi sakafuni, mara tatu, tukisuuza na kubadilisha vitambaa kila mara. Jiki niliipiga marufuku, kwa kuwa ikikutana na masalio ya asidi hutoa gesi ya klorini.

Wenye nyumba, acheni tamaa ya kodi ya mwezi mmoja. Nyuzilandi iliweka mwaka 2017 kiwango cha mikrogramu 1.5 za methamfetamini kwa kila sentimita 100 za mraba, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, basi msiniambie kwamba ukuta unaonekana safi. Osheni, mkapime, tena osheni. Nawe ndugu yangu wa Kisumu, mlipe fundi huyo kwa kubomoa dari, lakini madebe yake ya rangi yasifunguliwe kabla majibu ya maabara hayajafika.