Mita imetulia, dari inaloa: maji yanatoka wapi?

SWALI

Fundi, habari za kazi. Nyumba yetu ni ya ghorofa moja. Juu kuna bafu, na pembeni mwa bafu kuna chumba kidogo chenye mashine ya kufulia na hita ya maji. Chini yake ndipo sebule ilipo. Miezi miwili iliyopita dari ya sebule iliingia doa la kahawia, kubwa kama sahani. Tukamwita fundi bomba. Alifunga koki zote, akaitazama mita kwa saa nzima, haikusogea. Akasema hakuna bomba linalovuja, akatubadilishia mpira wa kuingiza maji kwenye mashine kwa tahadhari, basi. Tukapaka rangi. Wiki tatu baadaye doa limerudi, tena kubwa zaidi, na sebule inanuka uvundo. Mashine ukiitazama ni kavu kabisa. Maji haya yanatoka wapi? Na dari nitaikaushaje?

JIBU

Ndugu yangu, kabla ya kutafuta maji yanakotoka, ingia sebuleni uitazame dari hiyo kwa makini. Ikiwa imebonyea kwenda chini, au ukiigusa kwa mpini wa ufagio unahisi imelegea, usikae chini yake na usimwache mtoto acheze pale. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo ndoo ya lita 20 iliyojikusanya juu ya mbao za dari ni kilo 20 zinazosubiri kuanguka. Kama kuna taa karibu na doa, zima umeme wa taa hizo kwenye swichi kuu na uuache umezimwa mpaka fundi umeme aangalie. Maji hupenda kufuata nyaya, na huweza kutokea kwenye taa iliyo mbali kabisa na doa lenyewe.

Sasa nije kwenye mita. Fundi wako alifanya vizuri kuitazama, ila aliisoma nusu. Mita hupima maji yanayoingia ndani ya nyumba kwa msukumo. Maji ambayo mashine imeshayatumia na inayasukuma kwenda kwenye bomba la maji machafu yalikwisha pita kwenye mita kitambo. Bomba hilo likitoboka, mita haina habari. Tena koki zote zilikuwa zimefungwa na mashine imezimwa, yaani alikipima kifaa kikiwa kimelala. Hata upande wa maji yenye msukumo, tundu dogo linaweza kumpita. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Ukihesabu matone 20 kwa mililita, hizo ni zaidi ya lita 4 kila siku, lakini kwa saa moja hazifiki hata glasi moja ya maji. Mita nyingi za majumbani hazianzi kuzunguka kwa mtiririko mdogo kiasi hicho. Na uvujaji mkubwa kidogo kuliko huo, unaoweza kuizungusha mita polepole, nao saa moja haikutosha kuuonyesha. Angesoma namba usiku watu wanapolala, akazisoma tena alfajiri kabla mtu hajafungua koki, angekuwa na jibu la kuaminika zaidi.

Kwa hiyo neno lake la "hakuna kinachovuja" liweke kando. Mita iliyotulia imekuambia jambo moja tu: huenda si bomba lenye msukumo saa zote. Kilichobaki ni maji yanayotoka kwa vipindi, na hapo ndipo kazi yako ilipo, kwa sababu maji yanayovuja yana saa zake. Ukizijua saa zake utajua yanakotoka bila kuvunja kigae hata kimoja.

Chukua penseli, uzungushe mstari ukingoni mwa doa, uandike tarehe pembeni. Kisha kaa siku 3 bila kufua na bila kuoga kwenye bafu lile la juu, huku hita ikiendelea kuwaka kama kawaida. Kila jioni tazama kama doa limevuka mstari. Likiendelea kukua, shuku hita na mabomba yake. Likisimama, siku ya 4 fua mzigo mmoja tu, bafu liendelee kupumzika. Doa likisogea ndani ya siku moja au mbili, mhusika ni mashine au bomba lake la kutolea maji. Lisiposogea, ogeni bafuni bila kufua, mtazame tena. Najua ni usumbufu kwa nyumba yenye watu wengi. Lakini nimeingia nyumba ambazo sakafu nzima ya bafu ilikwishang'olewa, na kosa lilikuwa upande wa pili wa ukuta, kwenye mpira wa kutolea maji uliochomoka.

Mimi kwa maelezo yako namshuku mtu mmoja kuliko wote: lile bomba la wima ukutani ambamo mpira wa kutolea maji wa mashine umechomekwa. Pampu ya mashine ya kufulia hutoa maji kwa kasi, lita 15 na zaidi kwa dakika. Bomba likiwa jembamba, au ndani yake limejenga utando wa sabuni na nyuzi za nguo, haliwezi kumeza maji kwa kasi hiyo. Maji yanapanda, yanafurika kikombe kimoja au viwili kwa sekunde chache tu mashine inapomwaga, yanateremka nyuma ya ukuta au kwenye kona ya sakafu, kisha yanazama kwenye mwanya kati ya kigae na ukuta. Ukija kutazama baada ya nusu saa, pamekauka. Ndiyo maana unaiona mashine ni kavu.

Ili ujue, ivute mashine mbele kwa uangalifu ukiwa umechomoa plagi. Tafuta alama nyeupe za sabuni iliyokauka ukutani, kutu kwenye miguu ya mashine, na ubao wa chini ya ukuta uliovimba. Kisha irudishie plagi kwa mkono mkavu, anzisha mzunguko wa kusuuza na kukamua, usimame na tochi ukilitazama bomba lile tangu maji yanapoanza kumwagwa mpaka yanapokwisha. Usiondoke hata kidogo. Kama halifuriki juu, huenda maji yanapotelea kwenye kiungo kilicho ndani ya ukuta. Hapo tia rangi ya chakula nyekundu au ya buluu kwenye ndoo ya maji, uyamimine bombani taratibu bila kutumia mashine. Rangi ikitokea darini, ukuta uvunjwe mahali pamoja tu, pale kiungo kilipo. Isipotokea kwa ndoo moja usikate tamaa, mimina ya pili na ya tatu, maana maji huchukua muda kupenya.

Dawa ya bomba linalofurika ni kulisafisha kwa waya wa kuzibulia na, likiwa jembamba mno, kuliongeza upana. Mpira wa mashine usiufunge kwa tepu ili uzibe mdomo wa bomba. Watu hufanya hivyo wakidhani wanazuia kufurika, kumbe pasipopita hewa mashine huweza kuanza kujivuta maji yake yenyewe na kuyamwaga yangali yanahitajika, na shinikizo la maji huhamia kwenye viungo vya ndani ya ukuta. Tazama pia kitabu cha mashine yako kinataka mpira huo uinuke kimo gani kutoka sakafuni. Kwa mashine nyingi ni kati ya sentimita 60 na 100.

Maji yakionekana upande wa mbele wa mashine, hesabu ni nyingine. Yakitoka wakati wa kujaza, tazama droo ya sabuni, huwa imeganda sabuni na maji yanarudi nje. Yakitoka katikati ya kufua, ni mpira wa mlango au povu la sabuni iliyozidi. Yakitoka wakati wa kumwaga, ni kifuniko cha kichujio cha pampu hakikukazwa au sili yake imechoka. Hata hapa ni saa ndiyo inayokuonyesha pa kushika.

Kuhusu hita, kuna vali ya usalama pembeni au juu yake ambayo hudondosha maji inapopata moto. Si lazima iwe mbovu. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 10 hadi 60 hutanuka kwa karibu asilimia 1.7, kwa hiyo tangi la lita 100 lina karibu lita moja na nusu au zaidi inayotafuta pa kwenda. Vali hiyo inatakiwa iwe na bomba linalopeleka matone mahali pa salama. Kama bomba hilo halipo, au limeishia juu ya sakafu, basi kila siku hita inapowaka unajaza dari yako kidogo kidogo. Nakuomba sana, nawe na wasomaji wote: vali hii isizibwe kwa sababu yoyote ile. Tangi lililozibwa vali huweza kupasuka kwa nguvu ya kubomoa ukuta. Ikidondosha hata hita ikiwa ya baridi, mwite fundi apime msukumo wa maji ya nyumba. Ukizidi baa 5 au 6 (baa ni kipimo cha msukumo) weka vali ya kupunguza msukumo, na mipira ya mashine zako nayo itadumu zaidi. Ama tangi lenyewe likianza kuvuja mwilini, halina matibabu, libadilishwe.

Kwa wenye tatizo kama lako kwenye vifaa vingine, njia ni ile ile. Friji yenye maji chini ya droo za mboga huwa tundu lake la kutolea maji ya barafu limeziba nyuma. Zima friji, zibua kwa maji ya uvuguvugu. Yakiwa sakafuni, tazama kisahani kilicho juu ya kompresa. Kiyoyozi kinachodondosha maji kikiwa kinafanya kazi kina mrija ulioziba kwa utelezi. Kinachodondosha sana baada ya kuzimwa kilikuwa kimeshika barafu ndani, mara nyingi kwa sababu ya kichujio kichafu. Na mashine ya kuoshea vyombo ambayo pampu yake inanguruma bila kukoma wakati hakuna anayeitumia, izimwe na koki yake ifungwe, kwa kuwa aina nyingi zina boya chini linalowasha pampu likihisi maji kwenye sinia ya chini.

Jambo la mwisho ni kukausha, na hapa ndipo mlipojiumiza mlipopaka rangi mapema. Uvundo unaosikia ni kuvu. Kuvu huweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48 kwenye ubao au karatasi iliyoloa, na rangi mpya iliufungia unyevu ndani. Maji yakishazuiwa, toboa au ondoa kipande cha dari pale palipo na doa ili hewa ipite. Dari ya jipsamu iliyolegea haiponi, ikatwe mpaka kwenye sehemu ngumu. Weka feni, fungua madirisha kama nje hakuna unyevu mwingi kuliko ndani, au tumia mashine ya kufyonza unyevu na madirisha yakiwa yamefungwa. Juu nako, ondoa ubao wa chini ya ukuta, maana maji hujificha nyuma yake. Ukiondoa palipoota kuvu vaa barakoa na glavu, na mtu mwenye pumu asiwepo.

Usihukumu ukavu kwa kiganja. Sakafu ya zege ya juu ibandikie kipande cha nailoni angavu chenye upana wa karibu nusu mita, ukingo wote ufungwe kwa tepu, ukiache angalau saa 16. Ukikuta ukungu wa maji chini ya nailoni au zege limegeuka jeusi jeusi, endelea kukausha. Zege linaweza kuchukua wiki kadhaa, liache. Darini, rudia mstari wa penseli: fueni na ogeni kama kawaida kwa wiki mbili, doa lisivuke mstari hata mara moja. Hapo ndipo upake kwanza praima, yaani rangi ya chini, ya mafuta ya kuzuia madoa, ikauke vizuri, kisha rangi yako. Rangi ya maji peke yake juu ya doa la kahawia haitalificha. Doa litapenya tena hata kama pamekauka kabisa, na utadhani bomba limevuja upya.