Mashine ikikuzimikia mlangoni: kwa wenye vyombo vya tanga na dizeli kuukuu

Mashine ya dizeli kuukuu haizimi ovyo. Ikizima katikati ya mawimbi ina sababu, na mara nyingi sababu hiyo imelala chini ya tangi tangu kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini. Bahari ilipokuwa shwari uchafu ulitulia, mashine ikanguruma vizuri kutoka Shela hadi Matondoni, mwenye chombo akaridhika. Kisha kusi, upepo wa kusini, ikaingia, chombo kikaanza kuyumba, tangi likakorogeka, na baada ya muda mfupi filta ikaziba. Ndiyo maana mashine nyingi za zamani huzimikia mlangoni, yaani pa kuingilia Lamu kutoka bahari kuu, pale kati ya Shela na Ras Kitau, ambapo ndipo unapoihitaji zaidi. Watu husema ni mkosi. Mkosi haumo.

Nimeendesha chombo cha namna hii hapa Lamu kwa miaka mingi, nikichukua jamaa, mizigo na wageni. Ninawaandikia hasa vijana wanaonunua mashua kuukuu yenye dizeli ndani, wakaambiwa na muuzaji kwamba mashine ni nzima, piga tu uende. Huenda ni nzima kweli. Dizeli ya zamani ikishawaka haihitaji hata umeme ili iendelee kuzunguka. Inataka dizeli safi, hewa ya kutosha na maji ya kuipoza. Lakini hayo matatu hayamo ndani ya mashine, yanatoka nje yake, na huko ndiko pa kuangalia kwanza.

Anza na tangi. Usiku wa pwani una unyevu mwingi, na tangi lililo nusu hutoa jasho kwa ndani. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hushuka chini na kukaa huko, na pale maji na dizeli yanapokutana huota vijidudu vinavyofanya utelezi mweusi unaonata. Tangi likiwa la chuma, ongeza na kutu. Kabla ya kusi mimi hufungua bomba la chini ya tangi, nakinga dizeli kwenye chupa ya kioo na kuiacha itulie usiku kucha. Asubuhi chupa inasema kila kitu: juu dizeli, chini maji, na katikati kile cheusi. Ukikiona hicho cheusi, usidanganywe na dawa ya kumimina. Mwite fundi afungue tundu juu ya tangi, mtie mkono, mlisugue mpaka mwone chuma. Ni kazi chafu na harufu yake haitoki nguoni, lakini sijaona njia ya mkato.

Baada ya hapo liweke limejaa kadiri uwezavyo. Tangi lililojaa halitoi jasho sana, na chombo kikilala upande paipu haibaki juu ikafyonza hewa. Dizeli ya madumu ipitishe kwenye kitambaa au chujio hata kama muuzaji ni jirani yako. Funga filta yenye kikombe cha kioo kabla ya ile ya mashine yenyewe, mahali unapoweza kuiona bila kulala kifudifudi, na uwe na filta za akiba zilizofungwa zisiguswe na maji ya chumvi.

Sasa, mashine ikizima, sikiliza namna inavyozima, kwa sababu kila ugonjwa una sauti yake. Ikipanda na kushuka, ikapumua, ikapanda tena kwa unyonge kisha ikafa, basi dizeli haifiki: filta imeziba au hewa imeingia kwenye paipu ya dizeli. Ikikatika ghafla kwa kishindo wakati gia imeingia, kamba au wavu umenasa kwenye propela. Usijaribu kuwasha tena kwa nguvu, utavunja gia au kupinda shafti. Ikilegea polepole, joto likipanda na harufu ya raba kuungua ikitoka chini, maji ya kupoza hayapiti. Hiyo ya mwisho usiingoje izime yenyewe. Mimi kila baharia wangu namfundisha kuinama na kutazama ekzosi, bomba la moshi ambamo maji ya kupoza hutokea, mara tu mashine inapowaka, na kuitazama tena na tena njiani. Maji yakiacha kutoka pale, zima wewe. Mara nyingi ni mwani au mfuko uliofunika tundu la kuvutia maji (Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, ya zamani bado inaelea), au impela ya raba, ile inayozunguka kusukuma maji ya kupoza, imekatika mabawa. Impela ibadilishe kila mwaka hata kama inaonekana nzima, na mabawa yaliyokatika yatafute mpaka uyapate yote, la sivyo yataziba mbele huko.

Jambo la kutoa hewa kwenye dizeli ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, kwa sababu ukishabadilisha filta baharini, bila kutoa hewa haiwaki. Lifanye kwanza ukiwa umefunga gatini, ulirudie gizani. Legeza skrubu ndogo iliyo juu ya filta, kisha sukuma kile kimkono cha pampu ya kuvutia dizeli. Kwanza hutoka povu, kisha mapovu makubwa, kisha dizeli tupu inayomwagika bila kukatika. Kaza skrubu huku bado unasukuma. Hamia kwenye skrubu ya pampu kubwa, ile inayopeleka dizeli kwenye injekta, fanya vivyo hivyo. Ikiwa bado haiwaki, legeza nati za paipu zinazoingia kwenye injekta (vile vinavyonyunyizia dizeli ndani ya mashine), zungusha mashine mpaka dizeli iteme kwenye kila moja, ndipo ukaze. Spana za nati hizo zisichanganywe na nyingine. Zangu zimefungwa kamba na kutundikwa kando ya mashine, na hakuna ruhusa ya kuziazima.

Hata ukifanya hayo yote, tanga lisitoke mkononi. Ami yangu, aliyekuwa baharia tangu utoto, alikuwa na sharti moja: foromali, mti unaobeba tanga, isishuke mpaka uwe umeshapata maji ya utulivu. Mwaka mmoja, kusi ikielekea ukingoni, tulikuwa tunatoka Malindi, safari ya maili 75 hivi za baharini, upepo nyuma yetu. Tulifika mlangoni maji yakitoka. Kusi inasukuma ndani, maji yanakwenda nje, na vikikutana mawimbi husimama. Mashine ilikuwa inawaka. Kijana mmoja akaniuliza, "Nahodha, tutue tanga?" Nikamwambia, "Liache mwanangu, mpaka tuipite Shela." Tukiwa pale kwenye mawimbi yenyewe mashine ikapumua na kufa. Chombo kiliyumba kidogo, sukani ikabaki na uhai kwa sababu tanga lilikuwa linavuta, na tukaingia. Ndani, kikombe cha filta kilikuwa cha rangi ya kahawia kuanzia juu hadi chini, ingawa tangi lilikuwa limesafishwa mwaka uliotangulia. Tangu hapo nalisafisha kila mwaka.

Kutoka ni kugumu kuliko kuingia. Ukitoka wakati wa kusi unabisha, yaani unakwenda kwa kupindapinda dhidi ya upepo, na maji yakiwa yanatoka yatakubeba hadi kwenye mawimbi yale yale huku upepo uko usoni. Ngoja maji yajae na kusimama. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mkondo ni mkali zaidi, na kama safari si ya lazima heri usubiri. Nanga iwe imefunguliwa, amari, kamba ya nanga, imepangwa, mtu amesimama kando yake. Wengi huifunga nanga chini ya mizigo kwa kuwa wana mashine, na hilo linanitia hofu kila ninapoliona.

Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, una shida yake. Maji yakipwa, kina kinapungua na mashine inaanza kufyonza tope. Pita maji yakijaa: ukikwama, yatakuinua. Na ukishatoka, fungua chujio la maji ya bahari ulioshe kabla ya kuendelea Mtangawanda au Faza, kisiwani Pate.

Kuna wanaoniambia niing'oe hii dizeli nifunge mashine ya nje, ile inayoning'inia nyuma ya chombo. Kwa uvuvi wa karibu ni sawa. Lakini mawimbi yakikua, shetri, yaani nyuma ya chombo, hupanda, propela ya nje hutoka majini na kupiga hewa, wakati propela ya mashine ya ndani iko chini inaendelea kusukuma. Kwa chombo kizito cha tanga naona bado ya ndani ni bora, mradi mwenyewe uwe tayari kuchafuka.

Pampu kubwa ya dizeli na injekta msizifungue wenyewe. Mashine ikianza kutoa moshi mweusi wakati mzigo ni ule ule na propela ni safi, zipelekwe Mombasa kwa wenye vyombo vya kuzipimia, na zipelekwe kaskazi, ili chombo kiwe tayari kabla ya Aprili.