Mkonga haulindi waya: majibu kwa wanaovuka maji

Mvua zikikolea, gari zinazoletwa gereji kwangu hapa Mwanza hubadilika. Breki na klachi hupungua, taa za dashibodi zinazowaka zenyewe huongezeka. Maswali yenu nayo yamekuja kwa wingi. Haya ndiyo niliyoyachagua.

Shikamoo fundi. Nina Land Cruiser yenye mkonga, lile bomba la hewa linalopanda hadi paani. Nilivuka korongo lililojaa huku kwetu, maji yakafika kwenye taa za mbele. Gari lilipita vizuri kabisa, ila wiki ya tatu taa ya breki za ABS ikawaka, halafu ya cheki injini. Inaweza kuwa ni maji yale? Si ndiyo maana nimefunga mkonga? (Msomaji, Magu)

Marahaba, mwanangu. Ndiyo, ni maji yale yale. Mkonga una kazi moja tu: injini ivute hewa kutoka usawa wa paa badala ya chini ya boneti. Waya, soketi, sensa na alteneta (ile inayochaji betri) havipati faida yoyote kwake. Watu wengi wanaufunga, wanapata ujasiri, halafu wanazamisha kila kitu kingine.

Kinachotokea ni hiki. Umeendesha saa nzima, chini ya boneti kunachemka, na ndani ya kila soketi kuna hewa ya moto. Ukiingia majini ghafla, hewa hiyo inapoa na kusinyaa, na inaposinyaa inavuta maji kupita kwenye kale kampira ka soketi. Tone moja linatosha. Siku hiyo huoni kitu. Tone linakaa na tope lake, shaba inaanza kuota unga wa kijani, na wiki kadhaa baadaye umeme unakwama. Nimewahi kufungua soketi ya sensa ya gurudumu nikakuta pini moja inang'aa, na jirani yake imeliwa hadi kubaki kama ncha ya sindano.

Kwa hiyo dawa ya kwanza haina gharama: simama kabla ya maji, fungua boneti, subiri dakika 15 au zaidi injini ipoe. Kwa sasa, toa waya wa hasi wa betri, fungua soketi za sensa za magurudumu na zile za chini ya injini, zipulizie dawa ya kusafishia soketi, zikauke, kisha paka grisi ya silikoni kiasi kidogo kwenye mpira na kwenye pini. Pini iliyoliwa ibadilishwe, usiikwangue.

Fundi wa mtaani amenipakia silikoni ya kuzibia vioo kwenye soketi zote za injini. Anasema maji hayataingia milele. Ni sawa? (Igoma)

Inuse. Kama ilikuwa na harufu ya siki wakati inakauka, ibandue leo. Harufu hiyo ni asidi, nayo inakula shaba polepole pale pale ulipotaka kuilinda. Grisi ya silikoni ni kitu kingine kabisa: haikauki na haina asidi. Kweli haipitishi umeme, lakini pini zikibanana huisukuma pembeni na kugusana, kwa hiyo usiiogope.

Hilux yangu ya mwaka 2017 inaruhusiwa kuingia maji ya kina gani? (Sengerema)

Toyota wanataja milimita 700 kwa Hilux ya kizazi chako. Ford Ranger ni 800, na Land Rover Defender mpya ikiinuliwa kwa saspensheni yake ya hewa hufika 900. Lakini namba hizo ni za maji yaliyotulia na mwendo wa mtu anayetembea. Maji yanayokimbia yana hesabu yake: sentimita 30 zinaweza kuelea na gari dogo, 60 zinaweza kuondoka hata na gari kubwa.

Pima kwanza kwa fimbo ndefu yenye alama, na ulize wenyeji. Kuingia kwa miguu si jambo la kulichukulia kirahisi huku kwetu: kandokando ya ziwa kuna kichocho, na sehemu nyingine kuna mamba na kiboko. Kama hakuna mtu anayeyajua maji hayo, rudi. Na mto Mirongo ukifurika hapa mjini, usiuvuke hata kwa gari la jeshi. Maji ya tope yanafunika mitaro, huoni barabara inaishia wapi.

Nimefungiwa alamu na kifaa cha GPS. Tangu hapo kila nikipita maji gari linazima kisha linawaka lenyewe. (Buhongwa)

Hili linaniumiza sana, kwa sababu naliona karibu kila mwezi na lingeweza kuepukwa. Gari linatoka kiwandani waya zake zikiwa zimefungwa mwanzo hadi mwisho. Anakuja mtu na kisu, anachuna waya wa swichi, anasokota wake juu yake, anazungusha tepu nyeusi. Joto la miezi miwili tu, gundi ya tepu inalainika, inafunguka kama ganda la ndizi. Hapo maji yamepata mlango.

Na hayakai mlangoni. Waya wa gari ni nyuzi nyembamba zilizokusanywa, na maji hupanda katikati yake kama mafuta kwenye utambi wa kibatari. Nilishawahi kuchuna waya wa namna hiyo kidogo kidogo nikitafuta shaba safi. Sentimita 10 kutoka kwenye kiungo bado ilikuwa nyeusi. Ukiuacha, safari yake inaishia kwenye kompyuta ya injini, na hiyo si ya kununua kwa pesa ya mboga.

Lipeleke kwa fundi akuonyeshe kila kiungo kilichofanywa, usikubali maneno. Viungo vichomwe risasi, vivalishwe mpira wa kubana kwa joto wenye gundi ndani, vifungwe juu kadiri inavyowezekana. Waya ushuke kidogo kisha upande ndipo uingie kwenye soketi, ili maji yadondokee kwenye tumbo la waya badala ya kuifuata soketi. Kifaa cha GPS kisilale sakafuni.

Nashusha boti ziwani kwa trela na Prado. Kuna la kuogopa? Maji ya ziwa si ya chumvi. (Igombe)

Kukosa chumvi kunasaidia, kutu inakwenda polepole kuliko Dar. Chomoa plagi ya taa za trela kabla ya kurudi nyuma majini. Taa ya moto ikikutana na maji ya baridi hupasuka, na ikileta shoti fyuzi za Prado ndizo zinazoungua.

Kufunga turubai mbele ya gari kunasaidia? (Misungwi)

Kwa kivuko kifupi, ndiyo, mradi usisimame. Turubai na mwendo wa taratibu, 4L (magurudumu yote manne kwa gia nzito), gia ya kwanza au ya pili bila kubadilisha, husukuma wimbi mbele na kuacha kina kidogo nyuma yake, na hapo ndipo alteneta inapopumulia. Ukisimama katikati, maji yanarudi yote. Feni ya umeme ichomolewe fyuzi kwanza, maana ikizunguka ndani ya maji mapanga hupinda hadi kwenye rejeta. Usisahau kuirudisha ukivuka.

Maji yaliingia ndani, kapeti ikalowa. Nimeliacha juani siku mbili, sasa linanuka tu. (Nyegezi)

Jua linakausha juu. Chini ya kapeti kuna sponji, na chini ya sponji kuna mashada ya waya yamelala kwenye maji. Toa viti, toa kapeti yote. Kabla ya hapo ondoa betri na usubiri dakika kadhaa, kwa sababu zile soketi za njano chini ya viti ni za mifuko ya hewa; usiziguse kwa taa ya kupimia. Kagua pia nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria, Toyota nyingi zinaweka kompyuta huko.

Injini ikizima katikati ya maji, nipige stata? (Kisesa)

Hapana. Kama maji yameingia kwenye silinda, stata moja inapinda koni rodi, yaani mkono unaoshika pistoni. Zima swichi, livutwe hadi nchi kavu, toa waya wa hasi wa betri, kisha fundi afungue plagi (petroli) au nozeli (dizeli) na kuizungusha injini taratibu maji yatoke. Angalia pia oili ya injini, ya giaboksi na ya difu. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, mwaga yote na uweke mpya kabla gari halijatembea hata mita moja.