Wadogo zangu mnaoediti, ile chokoleti msiiguse

Juzi mmoja wenu kanitumia klipu ya dakika 12 kutoka Wings, ile filamu bubu ya 1927 ya marubani wawili wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kakusanya mapigano yote ya angani, kaweka besi, kapandisha spidi, chini kaandika "bro nimetoa sehemu zinazoboa". Nimeangalia mpaka mwisho halafu nikafunga laptopu nikakaa tu, maana hizo zinazoboa ndo zilezile nilizotoa mimi nilipokuwa naanza, na huyu ni wa tatu mwaka huu. Sasa wacha niseme yote mara moja.

1. Spidi ya ndege muiache kama ilivyo. William Wellman aliyeiongoza alikuwa rubani Ufaransa kwenye vita hiyohiyo, alijua ndege kwenye anga tupu inaonekana kama imening'inizwa, haiendi popote, kwa hiyo akaiweka timu nzima huko San Antonio, Texas, wanasubiri mawingu na pesa ya studio inateketea. Wingu likiwa nyuma jicho linapata cha kupimia, unaiona ndege inakimbia. Mtu kasubiri mawingu siku na siku ili akupe mwendo, wewe unakuja na asilimia 200, jamani!

2. Sura ya rubani ipeni muda. Richard Arlen (anayecheza David) na Buddy Rogers (anayecheza Jack) wako juu kweli, kamera imefungwa kwenye ndege inawatazama, na wakiwa angani wanaiwasha wenyewe. Arlen alishajifunza kuruka jeshini Kanada, Rogers alijifunzia palepale kwa ajili ya filamu. Ule upepo kwenye mashavu haujatoka kwenye feni, sasa ukikata baada ya sekunde moja umetupa nini?

3. Hii ndo yenyewe, kaeni vizuri.

Niliombwa toleo la saa moja kwa ajili ya vijana, ukumbi tulipewa kwa saa moja na nusu tu na filamu ina dakika kama 144. Nikakaa usiku mbili. Kila nikifika kwenye tukio najiuliza, kuna ndege hapa? Hakuna, futa. Nikafuta ile ndondi ya kambini ambapo Jack anampiga David, David anaanguka anainuka, anaanguka anainuka, mpaka Jack mwenyewe anaishiwa chuki na hapo ndo wanakuwa marafiki. Nikafuta kidubwasha cha David, yule dubu mdogo wa kuchezea anayetembea naye kama hirizi. Nikafuta na hema la Gary Cooper, anayecheza rubani mwenzao. Anaingia, anang'ata chokoleti mara moja, kipande anakitupa kitandani, anatoka kwenda kuruka, na harudi. Ajali yenyewe huioni, unaona kivuli cha ndege kinapita, halafu wale wawili wanabaki na kipande cha chokoleti chenye alama ya meno. Dakika chache tu, na mimi nikaona zinakula taimlaini.

Nikafuta pia ugomvi wao wa mwisho. Jack anatembea na picha ya Sylvia akijua ni mpenzi wake, kumbe nyuma ya picha Sylvia kamwandikia David. David anaipokonya anaichana ili mwenzake asije kuyasoma yale maandishi, Jack anaona kaonewa, wanaachana kwa hasira, David anapaa.

Halafu nikafanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka kifua kinabana. David anatunguliwa upande wa Wajerumani, anaiba ndege yao arudi nayo nyumbani, na filamu inakuonyesha anavyoiiba. Mimi nikasema hapana, nifiche, iwe saprizi! Nikakata wizi wote, nikaacha ndege ya Mjerumani inatokea tu angani na Jack anaifuata.

Siku ya kuonyesha ukumbi umejaa. Jack anaanza kuifukuza ile ndege, watoto wanapiga kelele "mpige! mpige huyo!", Jack anampiga, ndege inaanguka, makofi ukumbi mzima. Nikafurahi kabisa, nimesimama pembeni ya projekta. Likaja tukio la Jack kumkumbatia David anakufa, na binti mmoja mstari wa mbele akamuuliza mwenzake kwa sauti, "Kwani huyu ni nani?"

Hakuna aliyemjibu. Na mimi ningemjibu nini, kila kitu cha kumjibu nilikuwa nimekiacha kwenye pipa la laptopu. Filamu nzima imetengenezwa ili wakati huo wewe ujue na Jack asijue, ukae kwenye kiti unamwomba asifyatue, mimi nikawafanya watoto washangilie mtu anaua rafiki yake.

Taa zilipowashwa mzee mmoja, mpenzi wa filamu za zamani, akaja akaniuliza, "Mwanangu, na ile chokoleti?" Nikamwambia nimeitoa mzee, muda ulikuwa mdogo. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kutusaidia kupanga viti. Hakuniambia kingine chochote, na mpaka leo lile swali silisahau.

4. Maandishi ya katikati, yale yanayotokea kati ya picha badala ya sauti, mkiyatafsiri: Kiswahili ni kirefu kuliko Kiingereza, soma kwa sauti mara mbili ndo ukate.

5. Picha za filamu za 1927 huko Marekani hazina tena hakimiliki tangu Januari 2023, ila muziki na saundi za toleo lililokarabatiwa 2012 zilirekodiwa upya, usizichukue.

6. Mkimaliza hiyo tafuteni Men with Wings ya 1938, Wellman huyohuyo, ya rangi, inaanzia enzi za ndugu Wright, wale wa ndege ya kwanza. Tena marafiki wawili, tena mwanamke mmoja katikati, angalieni anavyowapa muda wakiwa chini, ardhini.

Na wewe wa dakika 12, najua unajisoma hapa, sijakukasirikia, mkono wako ni mwepesi kuliko wangu wa wakati ule. Rudisha ndondi, rudisha hema zima, rudisha David akiiba ndege. Ikifika dakika 25 sawa tu. Nitumie kabla ya Ijumaa, na hiyo besi toa.